Maombi ya Jumatano

Tangu uchaguzi uishe, waumini wa kanisa alikosali Harlan Dykstra, huko mashambani Iowa, Marekani, walikuwa wameacha kugombana. Walikuwa wakiomba tu. Kila Jumatano jioni walishikana mikono katika chumba cha chini ya kanisa, wakafumba macho, na kila mmoja akamwambia Mungu yale ambayo asingethubutu kumwambia jirani yake usoni. Gerrit Moelker alimsihi Bwana awafumbue macho waliopumbazwa na televisheni. Wiki iliyofuata Harlan naye akamsihi Bwana awasamehe wanaomchanganya Yesu na mgombea wao. Wote waliitikia Amina kwa sauti kubwa, kisha wakala mikate yenye nyama ya nguruwe huku wamenuniana.

Harlan na Gerrit walikuwa wamepakana mashamba na kuvuna mahindi pamoja tangu ujana wao. Sasa hata salamu hakuna.

Jumatano hii Harlan hakuwa na hamu ya vijembe. Mkewe, Trudy, alikuwa apasuliwe kesho yake. Madaktari walikuwa wameona uvimbe kwenye kongosho, na yeye na Harlan hawakuwa wamemwambia mtu.

"Leo waambie," Trudy alimwambia akiwa kitandani. "Waniombee wote. Na Gerrit pia."

"Gerrit atakuombea uhame chama."

"Aombe hilohilo. Mimi nimeishiwa maneno, Harlan."

Alichelewa kufika. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja, kulia kwa Gerrit.

"Leo umekuja kumsemea nani kwa Mungu?" Gerrit alinong'ona.

"Fumba macho, mzee. Na mdomo."

Maombi yalizunguka kuelekea kushoto. Desturi yao ni kwamba asiyetaka kuomba kwa sauti humminya jirani mkono, na zamu inapita bila maswali. Wanaoona haya hufanya hivyo. Harlan na Gerrit hawakuwa wamewahi. Ulimi haukuwahi kuwa shida yao.

Zamu ikamfikia Harlan.

"Bwana," alianza. "Trudy..."

Aliogopa kubaki mgane, aliogopa nyumba bila sauti ya mkewe, na aliona aibu kulia pale, hasa mbele ya mtu yule. Akauminya mkono wa Gerrit.

Mama mmoja akafumbua jicho kuona zamu imefika wapi.

"Bwana," Gerrit akasema, "Harlan amenyamaza. Wewe unamjua huyu, hanyamazi. Basi Trudy ana jambo, na kubwa. Mimi sijui ni nini. Nitajuaje, na kwao sijakanyaga tangu uchaguzi wa Novemba?" Akavuta pumzi. "Mponye. Trudy ana ulimi mkali, lakini mponye hivyohivyo. Na yale niliyokuja kukuambia leo kuhusu serikali, yaache kwanza."

Wote wakasubiri Amina. Haikuja, wala jirani wa upande wa pili hakuminywa mkono.

Mchungaji alikohoa. "Ndugu Gerrit, umemaliza?"

"Bado," Gerrit alijibu, akaushika mkono wa Harlan kwa nguvu zaidi.

Harlan akalia kwa sauti, mbele ya watu wa vyama vyote viwili, na Gerrit hakumwachia mkono.