Maji ya Bertin

Shemeji yangu Bertin ana tumbo, ana suti ya kahawia, na ana uongo. Tumbo linatangulia, uongo unafuata, na suti anaivaa siku za kugawana vitu vya marehemu tu. Simpendi. Nasema mapema ili mtu asije akanisikiliza hadi mwisho akidhani nitamhurumia.

Mume wangu Cyrille alipokufa mwaka jana, ukoo ulikaa uani kwa Papa Germain, baba yao mkubwa, kule Kapolowe. Bertin, kaka wa marehemu, alitaka motoka. Toyota kuukuu, mlango mmoja unafungwa kwa kamba, lakini ndiyo inayotulisha mimi na wanangu: natoka nayo Likasi, nafuata samaki Mwadingusha, narudi kuuza sokoni. Papa Germain akakata maneno mbele ya wote.

"Motoka itabakia na mama ya batoto. Tukimaliza matanga, mwaka moja, tutaiangalia. Kama inatembea, ni yake. Kama ilikufa, Bertin ataikamata."

Bertin akacheka kwa pua. Alikuwa na hakika mwanamke hawezi kuitunza motoka mwaka mzima. Loo, alinijua vibaya!

Miezi minane hakuna neno. Kisha batri ikaanza vituko. Asubuhi nazungusha ufunguo, injini inajikokota, nge... nge... nge, kama mtu anayeamshwa kwenda kazi asiyoipenda. Nikiwasha, taa zinafifia. Kwenye vichwa vya batri, pale nyaya zinapofungwa, unga wa kijani ukajaa. Naukwangua leo, kesho umerudi. Nilijua maana yake. Cyrille alinifundisha dalili zote, na ubavuni mwa batri ile aliandika kwa rangi nyeupe, herufi zake zilizolala upande: "Mwezi wa 11, 2019. Miaka ine. Kisha tupa."

Miaka minne ilishapita zamani. Nilijua, na sikuweza. Kila nikifungua kapo, kifuniko cha injini, namsoma mume wangu. Nimtupe mara ya pili? Basi nikawa naegesha motoka juu ya mteremko wa barabara yetu. Asubuhi naiachia ishuke, gia ya pili, naachia klachi, inakohoa, inawaka. Majirani wakacheka. Wacheke, meno ni yao.

Bertin aliposikia, akaja bila kuitwa, ameshika kidumu cha plastiki.

"Fungua kapo, Mama Divin. Batri iko na kiu."

"Unatia nini?"

"Maji tu, mama. Maji ya batri."

"Maji gani, shemeji? Umeyatoa wapi?"

"Weye unajua samaki. Minye niko na miaka makumi mbili ku kiwanda. Niache nitumike kazi yangu."

Akamimina hadi ikafurika. Akaondoka anapiga mluzi, hata kidumu hakukiacha. Nikapangusa yaliyomwagika kwa kitenge changu cha matanga, kile cheusi nilichokuwa nimejifunga, maana ndicho kilichokuwa karibu.

Nilipokifua, kitenge kikaja mkononi kimetoboka. Matundu, matundu kila mahali. Nikabaki nimeinama juu ya beseni, hasira imenipanda hadi masikioni. Kule kiwandani kwao asidi wanaiita "maji". Fundi anamwambia mwenzake "lete maji", analetewa asidi, na hakuna anayeshangaa. Sasa batri ina asidi yake tangu siku ya kwanza. Kinachopungua ni maji, maji kweli, yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwenye chupa. Ukiongeza asidi juu ya asidi, unaiunguza matumbo. Alikosea, au alikusudia? Mungu anajua. Mimi nilishaamua kwamba alikusudia, na sina mpango wa kubadili.

Baada ya majuma mawili batri ilikuwa imevimba mbavu, na motoka nzima inanuka yai viza. Siku moja nikaiachia mteremko wote, gia ya pili, klachi, hakuna. Ikasimama chini kabisa, mbele ya watu waendao kazini. Zilikuwa zimebaki siku tano matanga yaishe. Nikaweka kichwa kwenye usukani nikalia, na si kwa ajili ya samaki.

"Cyrille," nikasema, "umeandika mwenyewe 'tupa'. Mimi ndiye ninayejifanya sijui kusoma."

Nikashuka, nikachukua ufunguo wa nati, namba kumi, kwenye sanduku lake la vifaa. Waya wa hasi kwanza, wa chanya baadaye, alivyonifundisha. Jioni hiyohiyo batri mpya ilikuwa mahali pake, na ubavuni nimeandika tarehe kwa rangi ileile nyeupe. Herufi zangu zimesimama wima.

Jumamosi, baada ya misa, tukakutana uani Kapolowe. Bertin na suti yake. Hata salamu hakunipa. Alimwendea Papa Germain moja kwa moja.

"Papa, ile motoka ilishaka kufa. Likasi, bantu bote banaona. Huyu mama anaishusha ku mulima njo iwake. Hapa hakuna mulima. Aiwashe apa, mbele yetu."

"Na kama inawaka?"

"Kama inawaka, siombe tena kintu ya ndugu yangu. Kamoja tu, ya kumukumbuka."

"Kamoja?" nikauliza.

"Kamoja tu. Kisha nanyamaza."

"Mmesikia wote?" nikaugeukia ukoo. Walisikia. Nikaingia, nikazungusha ufunguo. Injini ikashika mara moja. Wanawake wakapiga vigelegele. Bertin akaruka kufungua kapo.

"Alibadilisha batri! Batri ni mupya!"

"Ndiyo, nilibadilisha," nikamjibu. "Ulitaka niisubiri ile uliyoinywesha wewe inimalize?"

Papa Germain akacheka hadi akakohoa. "Tulisema itembee, Bertin. Inatembea. Maneno imekwisha. Sasa umupe kile kintu chake, mama."

Nikafungua nyuma ya motoka. Nilijua hatakosa kuomba kitu, kwa hiyo nilikuwa nimekifunga vizuri ndani ya kile kitenge cha matanga, kwa fundo. Kwao, kitu cha marehemu ukikipokea mbele ya ukoo hukiweki chini. Unakibeba hadi kwako, hata kikiwa jiwe. Bertin akapokea kwa mikono miwili. Uzito ukamshtua, akakikumbatia tumboni. Kupitia matundu ya kitenge akaona rangi nyeupe, akasoma. Midomo yake ilitembea polepole: "Kisha... tupa."

Nami herufi zile zilipotoka mikononi mwangu, moyo uliniuma. Siwezi kuficha. Lakini niliachia.

Akasimama hapo mbele ya ukoo wote, hawezi kuweka, hawezi kutupa, amekumbatia batri iliyovimba. Kisha akahisi kitu. Akajitazama. Mbele ya suti ya kahawia, kutoka kifungo cha pili hadi kwenye mkanda, doa jeusi lilikuwa linashuka.

"Hii inatoka nini?" akauliza. "Mama Divin, ni nini hii?"

"Maji tu, shemeji," nikamwambia. "Maji ya batri."