Moto wa Kwenye Video

Mwalimu wa kemia alikuwa na hasira tangu siku mkuu wa shule alipoifunga maabara kwa kufuli.

"Ya nini kuchafua meza?" alisema mkuu. "Tuna skrini sasa. Majaribio yote yamo mle."

Ugomvi wa mwalimu haukuwa na skrini. Skrini iliwaonyesha watoto mambo ambayo chaki isingeyaweza. Ugomvi wake ulikuwa na lile kufuli. Mwaka mzima watoto walikaa wametumbua macho, mikono mapajani, na kila alipoomba ufunguo, mkuu alitia pamba masikioni. Sasa mtihani wa vitendo ulikuwa Jumatatu, na mtihani huo haufanywi kwa macho.

Ijumaa maji yalimfika shingoni. Akamwambia mlinzi ametumwa na mkuu. Uongo mtupu, wala hakuona haya. Kufuli likafunguliwa.

Watoto waliingia kwa shangwe. "Washeni vichomeo vya gesi, mchemshe maji," aliwaambia, akageuka kufuta vumbi kwenye mizani. Aliwaamini. Video ya somo hilo walikuwa wameitazama mpaka wakaweza kumwigiza msimulizi wake.

Nyuma yake kukawa kimya. Kisha pua yake ikampa habari.

Gesi! Kila meza, koki imefunguliwa mpaka mwisho, na watoto wamesimama wakitazama vichomeo, wakingoja kwa adabu. Viberiti vilikuwa pale pale mezani, hakuna aliyevigusa. Aliruka akafunga koki kuu, akasukuma madirisha yote.

"Mnangoja nini, nyie? Mnangoja nini?"

Aliyejibu ni mtoto wa dada yake, na kwa hofu alisahau kwamba shuleni humwita mwalimu.

"Mama mdogo, tunangoja moto uwake. Kwenye video, ukifungua tu, moto huo hapo."

Kweli. Aliyetengeneza video alikikata kipande cha kiberiti, labda aliona kinachosha. Laiti mwalimu angemjua, angemtafuna mbichi.

Mkuu akafika akihema, harufu imemwita. Mwalimu alimweleza yote kwa sauti iliyonyamazisha darasa la jirani. "Wangeungua humu, wazazi wao ungewaambia nini?"

Mkuu alijifuta jasho. "Nimekuelewa, mwalimu. Punguza jazba. Tutatafuta video yenye kiberiti."

Mwalimu alihisi damu ikimpanda kichwani. Kofi lilimwasha kiganjani. "Toka," alisema.

"Unasemaje?"

"Toka nje, nifundishe."

Mkuu alitoka, akinong'ona habari za barua ya onyo na bodi ya shule. Mwalimu hakujali. Alingoja mpaka harufu ikaisha kabisa, ndipo akamwekea mtoto wa dada yake kiberiti mkononi.

"Kiberiti kwanza, koki baadaye."

Mtoto alikwaruza. Njiti ya kwanza ikakatika. Ya pili ikawaka, naye akaitupa chini akipiga kelele, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba moto ni wa moto.

"Tena," alisema mwalimu, bado amefura, machozi yakimlengalenga. "Okota nyingine. Tena."