Mkanda wa Dume la Kijivu

Mume wangu Verl hana subira. Hata kahawa huinywa ikimuunguza ulimi. Miezi minne aliwaandikia watu wa idara ya wanyamapori: mbwa mwitu mliowarudisha huku milimani wamekula ndama wetu watano, nipeni kibali niwapunguze. Jibu lilikuwa lilelile: sheria inawalinda, subiri.

"Subira yavuta heri," nilimwambia.

"Kawaambie hao ndama."

Jumanne asubuhi aliliona dume la kijivu la mbwa mwitu malishoni akalipiga risasi.

"Piga, fukia, nyamaza," alisema. Ndivyo wasemavyo wafugaji wote hapa Montana, na wengi wamezeeka bila kukamatwa.

Lakini dume lile lilikuwa na mkanda wa redio shingoni. Mkanda ukitulia saa chache, hutuma habari idarani kwamba mnyama amekufa, na maofisa huja kumtafuta. Basi Verl akaufungua akamvisha Dusty, mbwa wangu wa kijivu, niliyemlea kwa chupa tangu hajafumbua macho.

"Una wazimu wewe!"

"Siku chache tu, mama. Atembee nao, theluji ifunike damu, kisha nautupa mtoni."

Ijumaa mchana simu ikalia. Alikuwa Arlo, ofisa wa wanyamapori, furaha imemjaa.

"Verl, mzee, kibali kimetoka! Helikopta yetu iko angani sasa hivi kumpiga risasi yule wa kijivu. Ishara ya mkanda inaonyesha yuko nyuma ya ng'ombe wako. Kaeni ndani."

Dusty alikuwa kule mbali malishoni, akiwakusanya ng'ombe kama kawaida yake. Nilifungua mlango nikatia vidole mdomoni. Mluzi mmoja tu, angekuja mbio.

Verl akanishika mkono. "Akija, ishara inamfuata mpaka hapa mlangoni. Ni jela, Lorna. Na shamba litakwenda."

"Basi mpigie Arlo, mwambie!"

Hakupiga. Nami, Mungu anisamehe, nikashusha vidole. Helikopta ilikuwa imeshainama juu ya ng'ombe.

Zililia risasi mbili.

Saa moja baadaye Arlo alimlaza Dusty barazani kwetu, mkanda ungali shingoni. Alimjua tangu mdogo. Hakufoka. Alimwambia Verl avae koti lake waende, kisha akanigeukia.

"Lorna, si huyu mbwa alikuwa akisikia mluzi wako?"

Nikamjibu ndiyo, alikuwa akiusikia hata akiwa ng'ambo ya mto.