Kuku Wasiougua

"Maabara yenu imekosea!" mjomba alinifokea, mguu wake wenye kidonda ameupandisha juu ya kiti changu. "Dawa zinanigomeaje wakati sijameza kidonge tangu nioe?"

Nilikuwa nimerudia kipimo ili tu anyamaze. Bakteria wa kidonda chake nilikuwa nimewawekea dawa tatu kwenye sahani ya maabara, na hakuna hata moja iliyowatingisha.

"Sugu si wewe mjomba, ni bakteria," nikamwambia. "Na wao hawasubiri kuzaa ndiyo warithishane. Wakikutana tu, mmoja anampa mwenzake nakala ya kipande cha vinasaba kinachoishinda dawa, hata kama si wa jamii moja."

"Wangu wamekutana na nani? Nyumbani hatuna mgonjwa."

Mkewe, aliyemsindikiza, aliguna. "Na kuku je?"

"Kuku wangu hawajaugua hata siku moja!" mjomba akajigamba.

"Wataugua saa ngapi? Kila asubuhi unawatilia dawa za kuua bakteria kwenye maji, halafu unakanyaga mavi yao na kidonda chako, umevaa ndala."

Mjomba akaushusha mguu kwenye kiti changu polepole, akazitazama ndala zake. Alikuwa amekuja nazo zile zile.