Kushuka Mbele ya Baba Mkwe

Dada yangu Agatha alipata kiharusi akiwa na miaka arobaini na tisa, anapepeta maharage uani kwake Nambis. Mimi natimiza arobaini na tisa mwezi wa kumi. Hesabu hiyo nalala nayo na kuamka nayo, sihitaji mtu wa kunikumbusha.

Agatha analishwa kwa kijiko. Nikienda kumwona namfuta udenda upande wa kushoto wa mdomo, ule ulioanguka, naye ananitazama kwa macho yaleyale ya dada aliyekuwa ananichapa nikichelewa kisimani. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Kwa hiyo mwezi wa tano, nilipopimwa presha hospitali ya Haydom ikasoma mia moja themanini, nilitia maji kwelikweli. Nikameza dawa. Nikapunguza chumvi mpaka Abel, mume wangu, akaanza kutafuta sababu za kula kwa majirani. Likabaki agizo la tatu la daktari, mazoezi.

"Unafanya kazi gani, mama?" aliniuliza.

"Nashona."

"Cherehani ya miguu?"

"Zamani. Sasa ninayo ya umeme."

"Basi hiyo miguu itafutie kazi nyingine. Urudi baada ya miezi mitatu tuone."

Nyumbani kwetu Gehandu kuna baiskeli moja, ya Abel, yenye bomba la juu na breki za kubahatisha. Wanawake wa sokoni waliposikia naitaka wakasema ng'ombe hazeeki maini, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Niliwaacha wacheke. Nikavaa suruali ya michezo ya binti yangu Severine chini ya sketi, nikaenda kujifunzia kwenye njia ya ng'ombe. Nilianguka mara ngapi sisemi.

Baada ya wiki mbili nilijua kwenda mbele. Kupanda na kushuka ndiko kulinishinda. Nina kichuguu nyuma ya nyumba: nasimama juu yake, napitisha mguu, najisukuma. Kuna kingine karibu na kibanda changu cha kushonea, kilomita nne mbele, nikifika nakikanyaga na kuteremka kama mtu mwenye akili zake. Katikati hakuna kichuguu. Katikati kuna boma la baba mkwe wangu.

Jina lake silitaji. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alinifundisha siku ile ile nilipoletwa kwamba kwa Wabarbaig mke wa mtoto hataji jina la baba mkwe, wala hamkazii macho. Mimi ni Mwiraqw wa Nambis, nimeolewa huku miaka ishirini na mbili, na sijateleza hata siku moja. Nikimsalimia naangalia chini. Naona kandambili zake za tairi na ncha ya fimbo. Ukiniuliza baba mkwe wako ana sura gani, nitakueleza miguu.

Kila asubuhi anakaa kwenye kigoda nje ya boma, kando ya njia. Kumpita nikiwa juu ya baiskeli, mguu huku na mguu kule, ni kumtukana. Kwa hiyo nilikuwa nashuka, yaani naanguka kwa adabu, najikung'uta, nasema shikamoo. Yeye anaitika, kisha anauliza habari za nyumba, za watoto, za mbuzi, moja moja bila haraka, mpaka jasho linakauka mgongoni. Halafu naikokota baiskeli hadi kwenye kisiki cha mbele ndipo nipande tena.

Jumapili moja Abel alirudi kutoka kwa baba yake akiwa amenuna.

"Mama Severine, mzee anataka kuongea na wewe. Ni kuhusu hicho chuma."

"Amesemaje?"

"Hajasema. Amesema atakuambia mwenyewe."

Nikajua nimekwisha. Mzee akikataza nani atabisha? Abel hawezi, na mimi nitabishana vipi na mtu nisiyeweza hata kumtazama? Zilibaki wiki tano kufika siku ya kliniki. Nilimwona Agatha na kijiko chake, kisha nikajiona mimi mbele ya kijiko hicho, Severine ndiye amekishika, na masomo ameacha.

Jumatatu saa moja na robo nilianguka mbele yake kama kawaida, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Hakuitika.

Nikangoja, nikarudia. Ikatoka sauti kama ya mtu anayenung'unika na tonge mdomoni. Marahaba haikuwemo. Mzee akikunyima marahaba amekwambia yote. Moyo ulianza kunienda mbio, nikawaza presha inapanda, na kwa kuwaza hivyo ikazidi kupanda. Nikainua baiskeli upesi kabla hajaanza kunisema, nikaondoka. Na niseme ukweli, nilifurahi kuondoka.

Kibandani sikushona kitu cha maana. Sketi ya mteja niliiweka zipu ndani nje, nikaifumua, nikairudia vilevile. Kabla ya saa tatu nikakata shauri kwamba narudi. Nitapiga magoti, nitamweleza habari za Agatha, nitamwomba hizo wiki tano tu, baada ya hapo chuma chenu mkachukue.

Alikuwa palepale kwenye kigoda, peke yake. Watu wa boma walikuwa wamepeleka ng'ombe majini. Nikapiga magoti vumbini, macho chini, nikaanza maneno yangu niliyoyapanga njia nzima. Nikiwa katikati nikaiona fimbo. Ilikuwa imelala chini. Mzee yule haweki fimbo chini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia kando ya kigoda, nzi wawili wanatembea juu yake, na mkono haukuwafukuza.

Nzi hao nawajua. Miaka miwili nawafukuza kwenye mkono wa Agatha.

Nikainua macho. Upande mmoja wa uso ulikuwa wa mzee mwenye nyusi nyeupe, anayefanana na Abel kuliko nilivyowahi kudhani. Upande wa pili ulikuwa umeanguka.

"Gidahosh," nikasema. Jina lilitoka lenyewe. Nikamshika mabega asidondoke, nikalirudia kwa sauti. "Gidahosh, unanisikia?"

Jicho lake zima likanigeukia. Hasira haikuwemo. Aliogopa, kama ninavyoogopa mimi kila siku.

Nilimpigia Abel simu, gari likakodiwa, tukafika Haydom mchana. Daktari akauliza ilianza saa ngapi. Abel akajibu tumemkuta saa tatu. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyeniona asubuhi ile.

"Saa moja na robo," nikasema. "Nilimsalimia akashindwa kuitika. Nilidhani amenikasirikia."

Daktari aliandika. Abel aligeuka kunitazama. Mpaka leo hajasema neno juu ya hilo, na sijui kama atasema.

Mzee alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, anakokota mguu, anaongea kwa shida. Siku yangu ya kliniki ilipofika nilikwenda, presha imeshuka hadi mia na hamsini. Daktari alifurahi. Mimi bado naogopa.

Kuhusu chuma, ni shemeji yangu Yoakimu aliyeniambia. Alinipeleka nyuma ya boma akanionyesha gogo la mgunga lililochongwa upande mmoja likawa bapa, refu kiasi cha goti. Mzee alimwagiza alikate Jumamosi ile, kabla ya Abel kuja na uso wake ule. Alikuwa amechoka kuniona naanguka kila asubuhi, akataka kuniuliza gogo liwekwe upande gani wa njia.

Sasa liko upande wa kulia, mbele ya kigoda. Kila asubuhi nakanyaga juu yake, nashuka mzima, kisha namtazama baba mkwe wangu usoni, upande huu na upande ule. Naye ananiacha nimtazame. Ndipo nasema shikamoo. Marahaba yake inachukua muda kutoka, na mimi siondoki mpaka nimeisikia yote.