Milimita Nne

Bi Milimita alikuwa anapima kwa mara ya tatu. Jina hilo walimbandika wenzake wa chumba cha picha za eksirei, ambao wao hupima mara moja na kwenda kunywa chai. Kwenye kompyuta aliweka alama chini ya mfupa wa kaakaa la binti aliyengoja nje, nyingine juu yake, pale pua inapoanzia. Milimita nne, zilezile.

Skrubu za kukazwa kwenye mfupa huo ili zishike waya wa meno, zilizobaki klinikini, zilikuwa za milimita nane. Ombi la skrubu fupi lilikuwa na miezi mitatu mezani kwa mkuu wa stoo, likingoja muhuri. Muhuri ulikuwa kwenye droo ya meza hiyohiyo.

Daktari alichungulia mlangoni. "Bado tu? Andika nane. Watoto wa umri huu wote wana nane."

"Huyu ana nne, daktari. Skrubu itatokeza puani."

"Meno niachie mimi."

"Meno ni yako. Kipimo kina saini yangu."

Daktari aliguna, akaenda zake. Mama wa binti, mpishi wa shule, alikuwa amesikia yote kutoka kwenye benchi la nje. Aliingia na binti yake, aliyeziba mdomo kwa kiganja kama kawaida yake.

"Dada yangu, andika hiyo nane. Hii safari ya nne. Kazini wameniambia nikiomba ruhusa tena, nisirudi."

"Mfupa wake mwembamba, mama. Utatobolewa."

"Mara mashine mbovu, mara daktari yuko semina. Leo ni mfupa?"

Bi Milimita aliona aibu, maana yote yalikuwa kweli. Mchelea mwana kulia hulia yeye, alijiambia. Lakini mwana hakuwa wake, na kazi ya kupotea haikuwa yake.

Aliandika 4. Kisha akakumbuka 5 ya mwenzake iliyowahi kurudi ikiwa imegeuzwa 8, akaongeza kwa maneno, "milimita nne tu", na kupitisha saini juu yake.

Kadi ya binti iligongwa muhuri wa mapokezi: utapigiwa simu. Mama aliikunja bila kuisoma. Hakuaga.

Bi Milimita alichukua nakala ya fomu, akashuka stoo. Mkuu wa stoo hakuinua kichwa.

"Njoo Jumatatu."

"Leo ni Jumatatu," alisema, akavuta kiti, akakaa mbele ya ile droo.