Nzuki wa Muthama

Katika duka langu pale Emali nilifunga bidhaa kwa magazeti ya zamani. Misumari, maharagwe, sabuni ya vipande, vyote. Niliyanunua kwa kilo, na kabla sijachana ukurasa nilisoma kwanza matangazo ya vifo. Waringa, aliyeuza mitumba mlango wa pili, hakuchoka kunicheka.

"Ndinda, hao walikufa kitambo. Hata wajane wao wameshaolewa tena. Unalilia nani?"

Sikuwa nikimlilia mtu. Nilikuwa nikitafuta kwetu.

Baba yangu, Nzuki, alikulia Kibwezi bila ukoo. Mama yake, yaani nyanya yangu, susu Mutindi, alifika huko mwanzoni mwa miaka ya hamsini akiwa na mtoto mgongoni, akapata kazi katika shamba la mkonge. Alimwambia baba kwamba babake aliitwa Muthama, alikuwa askari wa jeshi la wakoloni, King's African Rifles (K.A.R.), na alifia Burma akipigana na Wajapani. Ukimuuliza zaidi ya hapo, kwao ni wapi, nduguze ni nani, alianza kuimba wimbo wa kanisa. Aliimba hivyo mpaka alipokufa mwaka wa sabini na nane, na hatukupata jibu.

Sasa, Mkamba mwenzako akikusalimu tu, anataka kujua wewe ni wa ukoo gani. Baba alizoea kujibu, "Mimi ni wa Yesu." Watu walicheka, naye akacheka nao, lakini mimi nilikuwa nikimtazama uso. Kulipotokea ugomvi wa mpaka wa shamba, jirani yetu mmoja alisimama mbele ya chifu akasema mtoto wa kuokotwa hana mpaka. Baba alikuwa mzee wa kanisa, kwa hivyo alinyamaza. Mimi si mzee wa kanisa. Jirani huyo alisikia kutoka kwangu maneno ambayo hatayasahau.

Mwaka wa 1993 ugonjwa wa sukari ulimla baba mguu wa kulia, ukakatwa chini ya goti. Nilipomtembelea hospitalini alinishika mkono.

"Ndinda, nisife kabla sijasimama kwa baba yangu."

Alisema kusimama, naye hata kuketi kulikuwa kazi. Nilicheka, halafu nikalia.

Miezi michache baadaye nilikuwa nikimpimia mteja maharagwe nikaona tangazo hili katika gazeti la mwaka wa 1988: *Mama Mbinya, mjane wa marehemu Nzuki wa Tseikuru, Kitui. Mama wa marehemu Muthama (K.A.R.) na Kasyoka. Nyanya wa Nzuki.* Nilimwaga maharagwe kaunta nzima. Kwetu mwana wa kwanza hupewa jina la baba ya babake. Kama Muthama wa Burma alikuwa mwana wa Nzuki, basi mwanawe pia alipaswa kuitwa Nzuki, na baba yangu ndiye huyo. Mteja aliokota maharagwe yake mwenyewe.

Waringa alinimwagia maji baridi. "Huko kwenu kila boma lina Nzuki wake. Huyo anaweza kuwa mtoto wa Kasyoka. Mkifika na karatasi ya kufungia maharagwe, watasema mmekuja kunyang'anya watu shamba. Tafuta karatasi ya serikali."

Ushauri ulikuwa mzuri, hata kama ulitoka kwa mtu aliyezoea kunicheka. Niliandikia ofisi ya kumbukumbu za jeshi Nairobi, nikawapa jina la askari, jina la babake na mahali. Nilikuwa nimeshakata tamaa jibu lilipokuja, ukurasa mmoja uliopigwa taipu vizuri. Muthama mwana wa Nzuki, wa Tseikuru. Aliuawa Burma mwaka wa 1944. Mke: hakuwa naye. Mtu wa karibu wa kuarifiwa: mama yake, Mbinya.

Kadi ya ubatizo ya baba inasema alizaliwa mwaka wa 1948.

Nilihesabu kwa vidole, kisha nikahesabu tena kwa sababu sikutaka kuviamini vidole vyangu. Nilimkasirikia susu Mutindi kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu aliye hai. Nyimbo zote zile! Kumbe alipata mimba yake mahali, akaokota jina la marehemu wa watu, akamvika mtoto. Na baba alikuwa ametembea na jina hilo maisha yake yote kama mtu aliyevaa koti la wizi bila kujua.

"Choma hiyo barua," Waringa akasema. Siku hiyo hakucheka.

Sikuichoma. Niliikunja nikaificha ndani ya kitabu changu cha nyimbo, nikamwambia baba, ambaye tayari nilikuwa nimemsomea tangazo, kwamba jeshi halijajibu. Kufikia wakati huo kidole cha mguu uliobaki kilikuwa kimeanza kuwa cheusi, na daktari alikuwa ameniita kando.

"Basi twende bila barua," baba akasema. "Baba yangu hakuwa karatasi."

Ningemkataliaje? Mume wangu aliomba pikapu ya kanisa. Tulimlaza baba kwenye godoro nyuma, tukalala njiani Mwingi kwa rafiki ya mume wangu, na siku ya pili tukaingia Tseikuru mchana, vumbi limetukaa mpaka kwenye kope. Njia nzima niliomba Mungu tusilipate boma lenyewe. Tulipouliza kwenye kinu cha posho, tulionyeshwa mara moja.

Kasyoka wa lile tangazo alikuwa bibi kizee mwembamba, anamtua punda mitungi ya maji aliyoyachota mtoni, kwenye shimo la mchanga. Aliliona jina la kanisa kwenye mlango wa gari.

"Mchango nilishatoa," akasema, bila kugeuka.

Baba alishuka na magongo yake. "Mimi ni Nzuki. Mama yangu alikuwa Mutindi."

Mtungi ulimtoka mikononi. Maji yalimwagika yote, mahali ambapo watu hawamwagi maji, na yeye hakuyaangalia. Alimkaribia baba, akamshika masikio yote mawili kama mtoto anayekaguliwa, akamtazama.

"Mutindi yuko wapi?"

"Alikufa."

"Bila kurudi." Akaachilia masikio. "Yeye na wokovu wake!"

Tuliketi kivulini kando ya nyumba. Baba, ambaye ningempenda zaidi siku hiyo kama angenyamaza kidogo, alienda moja kwa moja kwenye jambo lake. "Shangazi, nimekuja kwa baba yangu. Niambie alikuwa mtu wa namna gani. Na niambie yeye na mama walikutana lini."

"Baba, kunywa chai kwanza," nikasema.

"Walikutana?" Kasyoka akashangaa. "Hawakukutana. Muthama alikufa mwaka wa arobaini na nne. Mutindi alikuja hapa vita vimeisha, wanaume wamerudi, wale wa kurudi."

Baba alinigeukia polepole. Ananijua. "Ndinda, barua ilikuja?"

"Ilikuja."

"Inasema nini?"

Nilimwambia. Sikuwa na njia nyingine. Nikaona uso ule ule wa siku zile za "mimi ni wa Yesu", safari hii bila kicheko.

"Basi mimi si mtu wa hapa," akasema, akaanza kujiinua. "Tusamehe, mama. Tumekusumbua."

"Keti chini!" Kasyoka alifoka mpaka punda akaruka. "Nani amekwambia wewe si wa hapa? Serikali? Serikali ndiyo ilimpeleka Burma! Sikiza. Ndugu yangu alikufa kijana. Hakuwa na bibi, hakuwa na mtoto, na baba yetu hakuwa na kijana mwingine. Jina lilikuwa linaisha hivyo. Hiyo pesa serikali ilileta ya kifo chake, mama hakukula hata senti. Alinunua ng'ombe, akawapeleka kwa kina Mutindi, akamuoa akuwe bibi ya Muthama. Hao ng'ombe ni mimi niliwaswaga mpaka huko, na miguu ikavimba. Mutindi alikuwa iweto wa nyumba hii. Wewe ukazaliwa kwa nyumba ya Muthama, ukapewa jina ya baba yangu. Saa hii unaniambia wewe ni mtu wa wapi?"

Neno iweto nilikuwa nimelisikia mahubirini tu, katika orodha ya dhambi za zamani, likitajwa haraka haraka: mwanamke kumuoa mwanamke mwenzake ili nyumba ipate watoto. Baba mwenyewe alikuwa amelisoma mbele ya waumini. Pale Kibwezi hakuna aliyetuambia kwamba nyumba inayopata watoto inaweza kuwa ya marehemu.

"Mbona mama aliondoka?" baba akauliza.

"Aliokoka. Watu wa misheni walimwambia hawezi kubatizwa na ako kwa ndoa kama hii. Asubuhi moja tukaamka hayuko, na wewe hauko. Mama yangu alikutafuta mpaka Machakos. Akakufa akikutaja. Ndiyo nikasema jina yako iingie gazeti. Nilijua kama uko hai, kuna mtu ataisoma."

Baba akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na aliyenizaa?"

"Muthama."

"Shangazi, namaanisha yule mwanamume ambaye—"

"Muthama," Kasyoka akasema kwa sauti ile ile, akainuka kuokota mtungi wake.

Baba alitazama chini. Nilingoja aombe, au anukuu maandiko, kwa sababu alikuwa na maandiko ya kila jambo. Badala yake aliuliza nyumba ya mama yake ilikuwa wapi.

Kasyoka alielekeza mtungi mtupu mahali palipofagiwa, kati ya nyumba yake na zizi la mbuzi. Mafiga matatu yalikuwa bado yamekaa, meusi. Hakuna aliyejenga hapo kwa zaidi ya miaka arobaini. "Hapo ni kwa Muthama," akasema. "Tungejengaje, na mwenyewe ako?"

Baba alikataa mkono wangu. Alitembea kwa magongo mpaka kwenye mafiga, akasimama. Mume wangu alitaka kumpelekea kiti, nikamzuia. Susu hakuwa amesema uongo hata siku moja. Kila alipoulizwa alisema kweli yote aliyoruhusiwa na kanisa lake, na iliyobaki akaiimba. Nilimwomba msamaha pale pale, kwa sauti, mbele ya mbuzi, na machozi yakanishinda.

Baba alifariki mwaka wa tisini na tano. Tulimzika Tseikuru, upande wa kulia wa mafiga. Kasyoka ndiye aliyeonyesha wachimbaji mahali, na aliwagombeza walipochimba kombo.

Tangazo lake nililipeleka mwenyewe Nairobi. Nilimtaja kuwa mwana wa marehemu Muthama wa Nzuki, K.A.R., aliyefia Burma mwaka wa 1944. Karani wa matangazo, msichana mwenye adabu, alisoma mpaka mwisho kisha akaweka kalamu kwenye mstari huo.

"Pole sana, mama. Lakini kuna kosa hapa. Mzee alizaliwa 1948."

"Ndiyo."

"Na baba yake alikufa 1944."

"Ndiyo. Andika hivyo hivyo," nikasema. "Na hapo kando yake ongeza: na mkewe, Mutindi."